Jaluba la Marsiana

Mofu, 8 Juni 2025

Justin mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo ni Jumapili ya Pentekoste, nimetoka kanisani, nimekaa uani, na wewe una siku moja tu barabarani. Jana sikusema neno. Mkeo Kristina alikuwa anapakia masufuria kwenye gari utadhani mnahama, na Sayi alishaanza kugombania dirisha. Kwenye simu unajua sisikii, nasikia mvumo tu wa redio iliyopoteza stesheni. Kwa hiyo tutaandikiana. Nilikuwa katibu wa akina mama wa kigango miaka kumi na miwili, kalamu hainitishi. Barua nampa Devota jirani, Devota akienda Ifakara anampa Teofili wa ofisi ya mabasi, na Teofili anawajua madereva wote wa nchi hii kwa majina. Wewe niambie tu unalala wapi.

Watu umewaambia unakwenda likizo, kuwaonyesha watoto mbuga za nchi kavu na magofu ya kale. Sawa. Ila nimeliona daftari ulilolitia chini ya kiti, na orodha iliyomo nimeisoma. Ni zile sehemu alizokuwa akizitaja baba yako juu ya dungu, mlipokuwa mnalinda mpunga na kuwinga ndege. Mimi si mjinga, Justin.

Aibu ya mwaka jana unaikumbuka. Siku ya mazishi msomaji alisimama na wasifu wa marehemu: Kelestini alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa mwaka 1980, alipata mtoto wa kwanza mwaka 1981. Halafu akaruka mpaka 1985. Baba yako mdogo Hermenegildi akanyanyuka mbele ya jeneza na mbele ya padre, akauliza: "Hiyo miaka mitatu kaka yangu alikuwa amekufa akafufuka?" Watu wakacheka. Kwenye msiba wa mume wangu watu walicheka. Msomaji akakimbilia mwisho: ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu, tukaenda kuzika.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai ni misa ya mwaka na kaburi litakuwa limejengewa. Wasifu utasomwa tena. Nimeamua utasomwa mzima au hautasomwa kabisa, na uongo siuruhusu.

Wewe ulikuwa unanyonya alipoondoka. Aliporudi ulikuwa unakimbia na ulimkimbia yeye. Alisema alikuwa kaskazini, kwenye nchi kavu, akiwachimbia watafiti mji wa mawe usio na watu, wenye mifereji isiyo na maji. Nikamwuliza mara moja tu: "Ni mwanamke?" Akajibu: "Ni mawe." Sikuuliza tena kwa miaka thelathini na tisa, na sikumwamini hata siku moja.

Alichorudi nacho ni wazimu. Mtu wa mpunga, anabeba mawe kwa baiskeli kutoka korongoni huko mlimani, anayapanga kwenye kingo za lile jaluba dogo la mpunga la pembeni. Jaluba la Marsiana, alivyoliita kwa jina la mama yake. Wenzake wanapanda, yeye anapanga mawe. Na mpunga wa humo hauuzwi, eti wa mgeni. Mgeni gani? Kila mwaka tuliishia kuula wenyewe. Gunia lake la mwisho, alilovuna mwaka jana kabla hajaugua, bado lipo darini. Sijaligusa.

Fundi Vitus anasema msingi wa kaburi unataka mawe, na mawe ya karibu ni hayo ya jaluba. Naona nimpe. Angalau yafanye kazi ya maana.

Wasalimie wote.

Mama yako,
Yosefina


Iringa, 11 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Barua nimeipokea stendi leo asubuhi, bahasha ikiwa na alama ya mafuta. Nadhani Teofili aliisafirisha pamoja na samaki. Sote wazima.

Kuhusu daftari, ni kweli. Sikukuambia kwa sababu ungesema niwaache wafu wapumzike. Mwaka jana nilikuwa nimesimama nyuma ya jeneza Baba mdogo alipouliza swali lake, na mimi mwalimu mzima, mtu wa kusimama mbele ya wanafunzi mia mbili, sikuwa na jibu kuhusu baba yangu mwenyewe. Ndiyo maana nimesafiri. Nakuahidi hivi: kama alidanganya, nitakuambia. Kama hakudanganya, nitakuambia.

Jana tulikuwa Isimila. Ni korongo kavu lenye nguzo za udongo ndefu kuliko mnara wa kanisa letu, maji ya zamani yamezichonga na kuondoka. Chini yametapakaa mashoka ya mawe ya watu wa kale kabisa. Sayi akamwuliza mwongozaji kwa nini wenyewe hawakurudi kuyachukua. Mwongozaji, mtu mpole, akasema labda walikuwa na haraka.

Kabla ya hapo tulikaa siku moja na nusu Hifadhi ya Ruaha. Mama, kule kukavu. Nyasi za rangi ya mkeka mkuukuu, vumbi mpaka kwenye meno. Tuliwaona tembo wamesimama kwenye mto wa mchanga mtupu, wanachimba kwa mkonga na mguu, wanasubiri, halafu wanakunywa. Mimi nilishangaa. Kristina hakushangaa hata kidogo. Akasema kwao Meatu kiangazi wanachimba mtoni hivyo hivyo, na kwamba sisi watu wa bondeni tumedekezwa na maji. Nikamwambia ndiyo maana ng'ombe wenu waliifuata njia ya kuja kwetu. Akacheka, ila ugali wa jioni niliusonga mwenyewe.

Kwenye ramani nimewaonyesha watoto kwamba Ruaha hiyo hiyo ndiyo inayoshuka mpaka Kidatu, kwa shangazi yao Angelina. Violeth akaandika salamu kwenye karatasi akaitupa majini. Mwambie Angelina achungulie.

Mawe mpe Vitus. Utotoni yaliniponda vidole vya kutosha. Kesho kutwa tunaelekea Dodoma, kisha Kondoa.

Mwanao,
Justin


Mofu, 14 Juni 2025

Justin,

Ahadi yako nimeikata kwa mkasi kutoka kwenye barua nikaiweka ndani ya kitabu cha sala. Sasa kila nikisali naiona. Usije ukasema hukuandika.

Vitus ameanza kazi jana. Ameng'oa mawe yote ya jaluba na kuyabeba kwa mkokoteni, akilalamika njia nzima kwamba marehemu alikuwa akiyapanga kwa kufungamanisha na hayatoki kirahisi. Moja tu amelikataa, lile bapa la mlango wa maji, Kelestini alilokuwa akiliinua kwa mikono miwili kuruhusu maji. Anasema halikai sawa kwenye msingi. Nimeliacha uani, Devota analifulia nguo.

Hermenegildi alikuja na sentensi yake ameiandika kwenye kipande cha boksi: "Kati ya 1982 na 1985 marehemu alikuwa safarini kikazi." Akaisoma kwa sauti ya mtu wa redio. Nikamwuliza, kazi gani? Akasema shemeji, kikazi ni kikazi. Nikampa uji akanywa, akaondoka na boksi lake.

Mwaka huu kwelea kwelea walikuwa wengi lakini mavuno si haba. Nimepura na akina Devota, tumemaliza. Shambani sasa ni mabua tu na yale mashimo ya mawe.

Mwambie Kristina nilimsikia kuhusu kudekezwa. Akirudi atapanda miche nami wiki nzima kwenye tope, halafu tuone nani amedekezwa.

Mama


Kolo, Kondoa, 16 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Haraka haraka, dereva wa basi la kurudi Dodoma ananisubiri.

Leo tumepanda mlima wa michoro. Juu, chini ya mwamba uliojiinamia, kuna watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, warefu, wembamba, vichwa vikubwa vya duara. Wengine wameshikana mikono. Unakumbuka baba alikuwa akituambia kwenye dungu, mimi na Angelina, kwamba kuna watu wenye vichwa vya maboga wanaocheza ngoma kwenye jiwe na hawachoki? Tulidhani anatubembeleza tulale. Mama, wapo. Alipita hapa akawaona kwa macho yake.

Mlinzi anasema miaka hiyo vibarua wengi waliokwenda kaskazini walipitia njia hii. Zaidi ya hapo hajui. Hadithi moja kati ya za baba ni ya kweli, na mimi nimefurahi kuliko mtu wa umri wangu anavyopaswa kufurahi.

Kesho Babati, halafu Tarangire, halafu mwisho wa orodha, Engaruka. Barua nitumie kwa basi la Arusha, ishushwe Mto wa Mbu.

Justin


Engaruka, 20 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Ni kweli. Mji upo.

Nimefika juzi na bado sijatulia. Ni chini ya ukuta mrefu wa mlima, nchi ya miiba na vumbi jeusi, upepo unaanza saa nne asubuhi na hauachi. Kwenye mteremko kuna ngazi za mawe ambazo zilikuwa viwanja vya nyumba, mamia. Chini yake, kwenye tambarare, kuna mashamba. Mama, mashamba! Vijaluba vidogo vya pembe nne, kila kimoja kimezungushiwa mawe, vimeshikana kimoja baada ya kingine mpaka macho yanachoka. Mifereji imejengwa kwa mawe yaliyofungamana bila tope wala saruji. Watu walileta maji kutoka kwenye mto wa mlimani, wakalima nchi ambayo leo mbuzi anaitazama mara mbili kabla ya kuingia. Halafu wakaondoka, miaka mingi iliyopita, hakuna anayejua vizuri kwa nini.

Na kwenye kona ya kila kitalu kuna jiwe bapa. Unaliinua maji yanaingia, unaliteremsha yanapita kwa jirani. Nilipoliona hilo jiwe nilikaa chini. Nililiinua kwa mikono miwili kama alivyokuwa akiinua yeye. Watoto walidhani naumwa.

Jaluba letu la pembeni ni Engaruka, Mama. Alikubebea ushahidi kwa baiskeli, jiwe kwa jiwe, akakuwekea mlangoni, na sisi tukasema wazimu. Nakuomba sana, mwambie Vitus asiguse mawe. Najua nilisema apewe. Nilikosea. Jibu lako la mwisho bado halijanifikia; kama ameshayang'oa, ayarudishe, nitamlipia mawe mengine.

Mlinzi wa magofu ni mzee sana, na vijana wanamtania kwamba alikuwepo mji ulipojengwa. Anamkumbuka. "Kelestini wa Ifakara, aliyekuwa akililia wali." Walichimba pamoja kwa watafiti mwaka 1982 na 1983. Anasema baba ndiye aliyewaeleza watafiti jinsi maji yalivyokuwa yakigawanywa, kwa sababu wao walijua mawe na yeye alijua maji. Hilo tu linatosha kusomwa kanisani.

Baada ya hapo watafiti waliondoka, na inaonekana baba alibaki kidogo kwa shughuli ndogondogo.

Maji ya mto yapo mpaka leo, watu wa sasa wanalima mahindi na nyanya kwa mifereji yao. Hewa ni nzuri. Wenyeji ni wakarimu. Tumepata vyumba kwa mama mmoja mwenye mgahawa mdogo. Mlima wa moto tunauona asubuhi, umesimama peke yake, kileleni mweupe. Tarangire tuliona tembo wengi na Sayi aliona kobe. Violeth amechora mifereji, nimemwambia aweke mchoro humu.

Mwanao,
Justin


Engaruka, 20 Juni

Bibi shikamoo,

Mimi mzima, Mama mzima, Sayi amechomwa na mwiba ila ameacha kulia. Baba amesema niweke mchoro kwenye bahasha yake, nimeamua niweke na barua maana kubandika bahasha ni mara moja.

Mchoro ni wa mashamba ya mawe. Kile kikubwa ni mlima. Yule mdogo ni Baba amekaa chini.

Tumelala kwa Mama Marsiana, mwenye mgahawa. Nilimwambia jina lake ni la bibi mzaa babu yangu, akasema na lake amepewa la bibi yake mzaa baba, wa mbali. Huku hakuna mwingine mwenye hilo jina, watu wanamwita Masi. Akacheka halafu akaingia jikoni, hakurudi mpaka chai ikapoa. Ana watoto wawili, mmoja ananizidi mwaka mmoja na anajua kukamua mbuzi.

Bibi, Mama Marsiana ana kidole kidogo cha mguu kimempanda mwenzake kama cha Baba na cha Sayi. Tumelinganisha wote watatu kwenye mkeka. Baba akasema habari za vidole haziongelewi wakati wa kula, lakini tulikuwa hatuli.

Nimekumiss. Nimeona twiga kumi na saba.

Mjukuu wako,
Violeth


Mofu, 24 Juni 2025

Justin,

Barua yako ina kurasa nne. Tatu na nusu ni mawe, iliyobaki ni upepo na kobe. Katikati yake umeweka sentensi moja, "inaonekana baba alibaki kidogo kwa shughuli ndogondogo." Hermenegildi mwenyewe na boksi lake angeona aibu kuileta hiyo.

Barua ya mwanao ina ukurasa mmoja na haifichi kitu.

Mama mkwe wangu, Marsiana, nilimpikia miaka tisa na kumwogesha miezi mitatu ya mwisho. Hicho kidole nakijua. Nilikipaka mafuta.

Nimekaa na bahasha yenu tangu juzi. Kwanza nilikwenda shambani, nikakaa ukingoni mwa lile jaluba, nikatazama mashimo. Mawe hayarudi, saruji imeshakauka, yako chini ya kaburi lake na juu yake kuna msalaba. Umechelewa wewe, na mimi nimewahi mno. Basi. Si hilo linaloniumiza.

Nimeumia, Justin. Naandika hivyo hivyo bila kupamba. Miaka yote nilishazoea kutomwamini, na kutomwamini kulinisaidia. Nilikuwa najua nimesimama wapi. Sasa naambiwa mawe yalikuwa ya kweli, nikafurahi kwa muda wa kusoma kurasa tatu na nusu. Nilimwomba Mungu msamaha kwa kumdhania vibaya mume wangu. Halafu nikafungua karatasi ya mtoto.

Nilimwuliza ni mwanamke, akasema ni mawe. Hakudanganya na hakusema kweli. Na wewe umeandika kwa mkono wake.

Nataka kujua. Huyo mama ana miaka mingapi? Mama yake mzazi yuko hai? Yeye mwenyewe anajua wewe ni nani? Usinipigie simu, na Kristina asinipigie. Andika. Ahadi yako iko kwenye kitabu cha sala, ukurasa wa litania.

Mama


Mto wa Mbu, 27 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Nisamehe. Nilijiambia nakulinda, lakini Kristina ameniambia ukweli: nilikuwa najilinda mimi. Nilitaka kukuletea baba mmoja tu, yule wa mawe.

Marsiana ametimiza arobaini mwezi wa pili. Mama yake alifariki mwaka 2011. Mlinzi mzee ndiye aliyenipeleka kwake siku ya kwanza tu. Alinitazama usoni, akanitazama miguuni, nimevaa ndala, akasema, "Karibu. Umechelewa kidogo."

Ilikuwa hivi. Watafiti walipoondoka baba alishikwa na homa, akalazwa kwenye nyumba ya yule mama, mjane kijana aliyekuwa akiwapikia vibarua. Akapona akabaki. Akamjengea bustani ya mboga kwa mawe ya zamani, na mfereji wake, na jiwe la kona. Marsiana alizaliwa Februari 1985, baba akampa jina la mama yake. Septemba akaaga. Alisema ana mtoto Ifakara aliyemwacha ananyonya, anakwenda kumwona, atarudi mvua zikianza.

Mtoto huyo ni mimi, Mama. Alikuja kuniona mimi, akamwacha yeye akiwa na miezi saba. Na mimi siku ile nilimkimbia.

Mama yake Marsiana alimsubiri misimu miwili halafu akaacha. Marsiana anasema hakumsikia akimlaani hata mara moja, ila bustani hakuruhusu mtu abomoe. Anailima yeye mpaka leo. Jiwe la kona ni lile lile, limelainika kwa kushikwa.

Hakuniuliza kama baba aliacha mali. Hakuniuliza amezikwa wapi. Aliuliza kitu kimoja, tukiwa tunamenya nyanya: "Alikuwa akinitaja?" Nikasema hapana, sikuwahi kumsikia. Akasema sawa. Akaenda kuongeza kuni, na hakuuliza tena.

Kuhusu wasifu, naona tuandike kwamba alifanya kazi ya kuchimba magofu Engaruka, basi. Ni kweli na inatosha. Hakuna atakayecheka. Lakini ni wewe mjane, wewe ndiye wa kuamua.

Tutabaki huku mpaka Jumatano nikisubiri neno lako.

Mwanao,
Justin


Mofu, 30 Juni 2025

Kwako Marsiana, Engaruka.

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui kwenu mnasali wapi, lakini salamu haimdhuru mtu.

Mimi ni Yosefina, mke wa Kelestini. Barua hii nimemwambia Justin akupe bila kuifungua. Sijui nikuite nani. Kwa mila yetu mtoto wa mume wangu ni mtoto wangu, ila si adabu kumtwaa mtu mzima kabla hajakubali, kwa hiyo kwa leo nakuita kwa jina. Nimelitaja maisha yangu yote ya ndoa, halinipi tabu mdomoni.

Usidhani mimi ni malaika. Siku tatu sikumwombea baba yako hata Baba Yetu moja. Siku ya nne nikakumbuka kwamba na wewe alikuacha, na wewe hukuwa hata na mtu wa kumkasirikia. Nikaona tunaweza kugawana hasira yangu, inatosha wawili.

Justin ameniandikia ulichomwuliza. Alikujibu vibaya. Si kwamba alidanganya, ni mwalimu na walimu hujibu haraka. Ngoja mimi nikujibu.

Baba yako alirudi hapa akachagua jaluba dogo kuliko yote, la pembeni, akalizungushia mawe aliyoyabeba kwa baiskeli kutoka mbali. Akaliita jaluba la Marsiana. Mama yake alikuwa hai wakati huo, tukadhani anamheshimu. Mama mwenyewe alidhani hivyo, akalisifia kwa majirani. Kila msimu maji yakija alianza na hilo. Alikuwa akiinua jiwe anasema, "Tumpe Marsiana kwanza." Alisema hivyo mbele yangu, mbele ya Justin, mbele ya vibarua, miaka thelathini na tisa. Mama yake alipokufa aliendelea kusema, na sisi tukasema maskini, hajasahau mama. Mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya kulala kitandani, aliinua lile jiwe kwa mara ya mwisho, akasema hivyo hivyo.

Kwa hiyo ndiyo, alikuwa akikutaja. Sisi ndio hatukujua anamtaja nani. Sikwambii hili ili umsamehe. Mtu angeweza kupanda basi. Nakwambia kwa sababu ni lako na nimekaa nalo kimakosa.

Mawe yake sasa yako chini ya kaburi, nilimpa fundi kabla sijajua. Jiwe la mlangoni lilibaki. Jana nimelibeba na Devota, tumelirudisha kwenye kona yake. Halina kazi mpaka mvua, lakini lipo.

Mpunga wa jaluba hilo haukuwahi kuuzwa. Alisema ni wa mgeni. Gunia la mwisho nimeliteremsha darini leo asubuhi, nimelianika, ni mpunga wa supa, na likikobolewa litanukia mpaka barabarani. Njoo na watoto kwenye gari la Justin. Ni mbanano, Kristina ana masufuria mengi, lakini mtafika Ijumaa.

Misa ni Jumamosi saa nne. Wasifu nimeuandika mwenyewe, na nitausoma mwenyewe, kusudi Hermenegildi akitaka kuuliza aniulize mimi. Sehemu ya katikati inasema hivi:

"Mwaka 1982 alikwenda Engaruka, akachimba mji wa kale wa mawe, akawaeleza watafiti njia za maji. Huko alipata mtoto wa kike, akampa jina la mama yake. Mwaka 1985 alirudi Mofu."

Na mwisho unasema hivi:

"Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano."

Hao wajukuu nimewahesabu pamoja na wako wawili, kwa maelezo ya Violeth. Kama hesabu nimekosea, njoo unisahihishe kabla ya Jumamosi.

Yosefina